Mashine ikimsomea, atasoma lini? Kisa cha kijana mwenye disleksia anayesomea nyumbani Nakuru

Kijana ninayemzungumzia hapa alikuwa na miaka 14 nilipoanza kufanya kazi naye. Wazazi wake wameniruhusu nieleze kisa chake bila majina, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha asitambulike. Nimekichagua kwa sababu kila familia inayosomesha nyumbani mtoto mwenye ugumu wa kujifunza huniuliza lile aliloniuliza mama yake siku ya kwanza: tununue kifaa gani? Baba yake aliuliza lingine, na kwangu hilo ndilo zito zaidi: "Mwalimu, mashine ikimsomea, huyu mtoto atasoma lini?"

Shule zilipofungwa nchini Kenya mnamo Machi 2020, mama alikaa na mwanawe mezani siku nzima kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akiletewa ripoti tu, na zote zilisema jambo moja: ana akili lakini hajitahidi. Sasa aliona kwa macho yake mtoto anavyohangaika na aya moja nusu saa, kisha anasimama na kumweleza dada yake jinsi pampu ya maji inavyofanya kazi, bila kukosea. Shule zilipofunguliwa alirudi, akakaririshwa darasa, akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni. Mama akamtoa. Walipitia kituo cha EARC cha kaunti, kinachopima mahitaji ya kielimu ya watoto, kisha kwa mwanasaikolojia wa elimu jijini Nairobi. Ripoti ikasema ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutahajia maneno usiotokana na uhaba wa akili, kumbukumbu yake ya muda mfupi ni hafifu, na msamiati wake wa mdomo umezidi umri wake.

Uamuzi wa kumsomeshea nyumbani haukuwa mwepesi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na suala la masomo ya nyumbani limewahi kufikishwa mahakamani. Familia nyingi za aina hii hufuata mtaala wa kimataifa, mtoto akasajiliwa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Hawa nao walichukua njia hiyo.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda, na yalikwenda kwa sababu ya dada yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu: kitabu cha Jiografia, maswali ya Hisabati, hata maelezo ya mchezo kwenye simu. Dada alipopata nafasi chuo kikuu na kuondoka, masomo ya nyumba nzima yalisimama. Ndipo nilipoitwa.

Vifaa vilivyokuwapo

Nilikuta wameshanunua vitu vingi. Kulikuwa na kishikwambi kizuri, programu ya kulipia kila mwezi yenye michezo ya herufi za Kiingereza, karatasi za plastiki za rangi za kuwekwa juu ya ukurasa, na kompyuta ya mama ilikuwa imewekewa OpenDyslexic, fonti iliyotolewa mwaka 2011 ambayo herufi zake zimenenepeshwa upande wa chini. Kila kimoja kilitafutwa kwa upendo, baada ya mtu fulani kusema kilimsaidia mtoto wake. Kijana alikuwa ameviacha vyote isipokuwa kishikwambi, na hicho alikitumia kutazama video za injini.

Kuhusu fonti na karatasi za rangi niliwaambia ninachowaambia wazazi wote. Watafiti waliopima fonti hiyo hawakuona watoto wakisoma haraka au kwa usahihi zaidi kwa ajili yake. Karatasi za rangi nazo hazina ushahidi wa kutosha, na madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa taarifa ya pamoja mwaka 2009 wakisema hawazipendekezi kama tiba ya disleksia. Kilichopata ushahidi kidogo ni kitu rahisi kisichouzwa: kuongeza nafasi kati ya herufi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia ulionyesha walisoma vizuri zaidi herufi zilipotenganishwa. Hilo mzazi anaweza kulifanya kwenye kompyuta yoyote bila kulipa hata shilingi. Kama mtoto anaipenda fonti fulani, aitumie, lakini pesa za nyumbani zisiende huko.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa ametazama kazi yenyewe, kuona inakatika wapi.

Ukurasa mmoja wa Biolojia

Nilimwomba anisomee ukurasa wa Biolojia, sura ya osmosisi, nami nikakaa kando yake na karatasi. "Partially permeable membrane" ikatoka kama "partly permanent member". Neno "through" akalisoma "thought". Alipokutana na "diffusion" mara ya tatu katika aya ileile, alilianza upya herufi kwa herufi kana kwamba hajawahi kuliona. Kufikia mwisho wa aya jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilipomuuliza aya inasema nini, akajibu, "Maji yanaenda mahali."

Kisha mimi nikamsomea aya iliyofuata, yenye ugumu uleule, mara moja tu na kwa mwendo wa kawaida. Alisikiliza akichezea kalamu, na nilidhani hanifuati. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba maji hutoka upande wenye maji mengi kwenda upande wenye maji machache kupitia utando unaochagua cha kupitisha. Halafu akaongeza, bila kuulizwa: "Ndiyo maana kachumbari ukiitia chumvi mapema inajaa maji." Mfano huo haukuwa kitabuni.

Aya hizo mbili ndizo zilizoamua karibu kila kitu tulichofanya baadaye. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la uwezo wa namna mbili: kugeuza herufi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe inaposikika. Walitumia kuzidisha, si kujumlisha, kwa maana kwamba kimoja kikikaribia sifuri, jibu zima linakaribia sifuri hata kama kingine ni kikubwa. Kijana huyu lugha anayo, tena tele. Kinachoangusha jibu ni herufi. Kwa mtoto wa namna hiyo programu ya kusoma kwa sauti ina maana, kwa sababu inampa mkononi kile anachokosa na kumwachia kile alicho nacho. Kama asingeielewa aya hata baada ya kusomewa, shida ingekuwa kwenye lugha au umakini, na programu hiyohiyo ingekuwa kelele tu masikioni. Ningependa kila mzazi afanye jaribio hili la aya mbili kabla ya kutoa pesa.

Kiswahili kilionyesha sura nyingine. Alisoma hadithi fupi na karibu maneno yote yalikuwa sahihi, ila alikwenda silabi kwa silabi: wa-li-o-m-pe-le-ke-a. Maandishi yetu hufuata matamshi kwa uaminifu, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kulifikia neno akipewa muda. Lakini maneno yetu ni marefu, na kiini cha maana hukaa katikati au mwishoni. Mtoto mwenye kumbukumbu hafifu akifika kwenye "-ke-a", "wa-li-o" imeshampotea, na hajui tena ni nani alimpelekea nani. Katika shule aliyotoka, kusoma kwake Kiswahili kulichukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake: Kiswahili anaweza, basi Kiingereza anakataa kwa makusudi. Maneno hayo yalimuumiza sana, na bado huyataja. Ukweli ni kwamba disleksia ni ileile, ila hujitokeza kulingana na lugha inavyoandikwa. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule kwa wote.

Kumpa masikio kazi

Tulinunua vitu viwili tu: spika za masikioni na kishikilia simu cha mezani. Vingine vyote vilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Kwenye kompyuta ya mama tulitumia kivinjari cha Microsoft Edge, ambacho kina kitufe cha kusoma ukurasa kwa sauti huku neno linalosomwa likipakwa rangi. Wazazi wengi hawajui kwamba kina sauti za Kiswahili: Zuri na Rafiki za Kenya, Rehema na Daudi za Tanzania. Kina hata sauti za Kiingereza cha Kenya, Asilia na Chilemba. Hili la sauti si pambo. Kijana alikuwa ameikataa programu ya awali kwa sababu ilisoma hadithi za Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na neno "ng'ombe" likawa kitu kisichotambulika. Baada ya kuzisikiliza zote alimchagua Daudi. Nilipouliza kwa nini, alisema anaongea kama mtu wa habari.

Sauti hizo huhitaji intaneti, na kwao stima ikipotea Wi-Fi nayo imekwenda. Kwa hiyo simu ya Android iliandaliwa kama ya akiba: tulipakua sauti ya Kiswahili na ya Kiingereza ndani ya simu, tukawasha huduma ya kusomewa maandishi unayoyagusa, iliyomo kwenye mipangilio ya ufikivu. Sauti yake si nzuri kama ya Daudi, lakini inasoma bila bando.

Kazi kubwa ilikuwa vitabu. Kitabu cha karatasi hupigwa picha, na programu ndiyo inayotambua maandishi yaliyomo. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa wakidhani programu ni mbovu. Picha yenye kivuli cha mkono hutoa maneno ya ajabu. Ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa mstari mmoja kuvuka safu zote, sentensi ya kushoto ikamalizikia kwenye sentensi ya kulia. Maelezo ya mchoro hujipenyeza katikati ya aya. Tulimfundisha kijana mwenyewe kupiga picha: kitabu kikae bapa karibu na dirisha, simu iwe juu ya kishikilia, safu moja kwa wakati, kisha akague mistari ya mwanzo kabla ya kuhifadhi. Mama alitaka kumfanyia, nikamwomba asifanye. Kazi hiyo ya mikono aliipenda na akaiweza haraka, na tangu hapo hakulazimika kumngoja mtu yeyote ili aanze kusoma.

Mtu atauliza kama kunakili kitabu hivyo ni halali. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, uliandikwa kwa ajili ya watu wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na unataja wenye ugumu wa kusoma pamoja na wasioona. Wazazi wengi wa watoto wenye disleksia hufikiri mambo hayo ni ya vipofu peke yao, nao hawaulizi. Kuna pia eKitabu ya Nairobi, ambayo hutengeneza vitabu vya kidijitali vinavyosomeka na programu hizi moja kwa moja bila kupigwa picha. Kitabu kikipatikana kwa njia hiyo, kichukuliwe hivyo.

Wiki za mwanzo hazikuniridhisha. Alikuwa akiwasha sauti, analala kifudifudi kitandani, sura nzima inapita, na jioni hakumbuki kitu. Kusikiliza bila kazi ni kama kukaa kwenye matatu redio ikiwa inacheza. Tukabadilisha utaratibu. Alitakiwa kukaa mezani na macho yafuate neno linalopakwa rangi, mwendo upunguzwe, na kila mwisho wa aya sauti isimamishwe. Hapo anachukua simu na kujirekodi akieleza aya hiyo kwa lugha anayotaka, Kiswahili, Kiingereza au vyote pamoja. Rekodi za mwezi wa kwanza ni fupi na za kubabaisha. Za baadaye unamsikia anabishana na kitabu: "Wanasema hivi, lakini mbona kwenye ile picha..." Mama husikiliza rekodi mbili tatu kila jioni anapopika, na amezifanya kuwa zoezi la kukagua kazi. Simjui mwalimu anayepata habari nyingi hivyo kuhusu anachokielewa mwanafunzi wake.

Kuandika

Kuandika kwa kutamka kulionekana ndilo jibu la wazi. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017, nayo imo kwenye kibodi ya simu. Siku ya kwanza kijana alifurahi mno, akatamka insha ya safari kwa dakika chache. Tukapata mto wa maneno usio na nukta hata moja. Pia, kama vijana wote wa Nakuru, huzungumza akichanganya. Ukiiweka mashine kwenye Kiswahili, neno la Kiingereza likiingia katikati hulazimisha neno la Kiswahili linalofanana nalo kwa sauti, na sentensi inaharibika. Ukiiweka kwenye Kiingereza, ni vivyo hivyo upande wa pili.

Kwa hiyo kutamka kulipewa nafasi yake, si zaidi. Kwanza anasimulia insha yote kwenye rekodi, kama anayemsimulia binamu yake. Anaisikiliza, anachora visanduku vinne au vitano vya mpangilio kwenye karatasi, kila kimoja na neno moja tu. Kisha anatamka sentensi moja kwa wakati, akishaimaliza kichwani, na kuiwekea nukta kwa mkono. Kuchanganya lugha kulipungua kwenye maandishi, na mama anaapa kwamba Kiswahili chake cha mezani nacho kimesafika. Mashine imemlazimisha kusikia pale anaporuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Zana iliyomfaa zaidi katika kuandika haikuwa ya kutamka. Ni ileile ya kusomewa, safari hii akisomewa maandishi yake mwenyewe. Aliandika mara kwa mara "form" alipotaka "from". Kikagua tahajia hakisemi kitu, kwa sababu yote mawili ni maneno halali, na macho yake hayaoni tofauti. Masikio yake yanaona papo hapo. Namkumbuka akiwa na spika masikioni, anasimamisha, anarudisha nyuma sentensi, anacheka kwa mshangao: "Eti nimetoka 'form' Naivasha!" Akasahihisha mwenyewe. Katika shule yake ya zamani kosa kama hilo lilikuwa likirudi na duara jekundu siku tatu baadaye, wakati ameshasahau alichotaka kusema.

Swali la baba

Baba ni fundi wa magari. Alinieleza kwamba yeye pia maandishi yalimshinda shuleni, na hadi leo karani wake ndiye anayesoma barua za gereji. Disleksia hurithiwa mara nyingi, hivyo sikushangaa. Woga wake ulikuwa na msingi wa maisha: alijua maana ya mtu mzima kuhitaji mwingine amsomee, na aliona tunamwandalia mwanawe karani wa chuma.

Nilimjibu kwamba kujifunza kusoma na kujifunza kwa kusoma ni kazi mbili, na tatizo huanza zikifanywa kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka 14 akilazimishwa kupata Biolojia yake yote kupitia herufi anazozikosea, hatapata Biolojia wala herufi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kitu kingine, kuna nusu saa ambayo mashine zote zimezimwa. Ni mafunzo ya sauti na herufi kwa utaratibu, kuanzia rahisi kwenda gumu, kwa marudio mengi. Hapo ndipo anapojifunza kwamba "tion" na "sion" ni vipande vinavyorudi, na maneno tunayachukua kwenye sura ya Biolojia ya wiki hiyo. Akilikuta "diffusion" mchana huku Chilemba akilisoma, ameshalishughulikia asubuhi kwa macho na kalamu. Saa zilizobaki za siku ni za masomo, na huko anatumia msaada wote anaoutaka.

Uchambuzi mmoja wa 2018 uliokusanya tafiti nyingi kuhusu programu za kusoma kwa sauti ulikuta kwamba zinawasaidia wanafunzi wenye ugumu wa kusoma kuelewa wanachosoma, kwa kiasi cha wastani. Nilimwambia baba hivyo bila kuongeza chumvi: ni faida ya kuelewa, na haiondoi haja ya kufundishwa herufi. Yeye akaomba jambo moja, nami nikalikubali: kila mwisho wa mwezi kijana arekodiwe akisoma kifungu kipya bila mashine, baba asikilize. Anasikiliza gereji, jioni, baada ya mafundi kuondoka. Usahihi wa Kiingereza umepanda wazi hata kwa sikio lisilo la mwalimu. Kasi bado ni ndogo, na nimemwambia huenda ikabaki ndogo maisha yote. Swali lake hajalirudia, ila rekodi ya mwezi ikichelewa hupiga simu kuiulizia.

Nani mwenye kifaa

Nilipofika, kishikwambi kilikuwa na nywila ya mama. Alikifungua saa ya masomo na kukifunga ikiisha, kwa sababu ya zile video za injini. Namwelewa. Lakini kijana wa miaka 14 anayelazimika kuomba ruhusa ya kusoma hawezi kukichukulia kifaa hicho kuwa chake, na asipokichukulia kuwa chake atakiacha siku atakayopata nafasi. Pia alikuwa na aibu. Binamu wakija, sauti ya mashine ilizimwa haraka na kitabu kikafunguliwa, akajifanya anasoma.

Tulitengeneza akaunti mbili kwenye kishikwambi, ya masomo isiyo na video na ya burudani yenye muda wake. Nywila ya akaunti ya masomo akapewa yeye. Spika za masikioni zilimaliza nusu ya aibu, kwani kila kijana anazo na hakuna anayejua wewe unasikiliza nini. Nusu nyingine ilimalizwa na kijana mwenzake wa kikundi cha familia zinazosomea nyumbani, aliyemwomba amfundishe kupiga picha kurasa ili asikilize kitabu akiwa safarini. Mwenzake huyo hana disleksia. Kwa maoni yangu kuhamisha nywila kulikuwa na uzito kuliko programu yoyote tuliyoichagua, na ndicho kitu wazazi hunikatalia mara nyingi zaidi.

Mtihani

Hapa familia nyingi huchelewa. Mitihani ya kimataifa ya Cambridge huruhusu mipango maalumu kwa watahiniwa wenye ugumu uliothibitishwa: muda wa ziada, ambao kwa kawaida hufikia asilimia 25, kutumia kompyuta, na wakati mwingine msomaji. Lakini ombi hupitia kwenye kituo cha mtihani, miezi kadhaa kabla, na linatakiwa lionyeshe kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida ambayo mtahiniwa amekuwa akifanyia kazi. Mtoto wa shule ana walimu wa kulithibitisha hilo. Mtoto wa nyumbani ana mama yake, na neno la mama peke yake ni jembamba.

Kwa hiyo tulianza jalada mapema. Lina ripoti ya mwanasaikolojia, insha zenye tarehe, zilizofanywa kwa muda wa kawaida na kwa muda wa ziada, karatasi za mitihani ya zamani alizojibu kwa kompyuta, na maelezo yangu mafupi ya kila muhula. Kituo cha kwanza walichokiendea hakikutaka watahiniwa wa kibinafsi wenye mipango maalumu. Cha pili kiliuliza jalada, kikalisoma, kikakubali.

Jambo hilo liligeuza pia mazoezi ya nyumbani. Anayepewa kompyuta mtihanini kwa kawaida hupewa ikiwa kikagua tahajia kimezimwa. Mtoto aliyezoea mistari myekundu hushtuka ikikosekana. Tangu mwaka jana anachapa karatasi moja kila wiki bila msaada wowote zaidi ya kibodi na muda wa ziada. Kuandika kwa kutamka kumebaki kwa rasimu na barua kwa dada yake. Kuchapa bila kutazama vidole kumechukua nafasi yake kwenye kazi za mtihani.

Hisabati hatujaitatua. Programu husoma x² kama "x mbili", na sehemu yenye mstari katikati huisoma kama orodha ya namba zisizo na uhusiano. Anachofanya sasa ni kusomewa maneno ya swali tu, kisha anaifuata hesabu yenyewe kwa macho kwenye karatasi yenye miraba mikubwa, huku mama akimsomea mlinganyo mrefu pale anapokwama. Riwaya na tamthilia za Kiswahili nazo bado anazipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwani alizozihitaji hadi sasa hatujazipata kidijitali. Ameamua mwenyewe kufanya Biolojia na Swahili kwanza, na kuiacha Hisabati kwa kipindi kitakachofuata, na kituo kimeshapokea majina ya masomo hayo mawili.